Mlango wa Shemeji

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika sebule yetu ni kwamba mke wangu aliniambia nipunguze sauti ya redio. Alitaka kusikia ubishi wa benchi. Benchi lenyewe liko nje, limeegemea ukuta wa mbele wa nyumba, chini kabisa ya dirisha, na kwa miaka mingi aliyafuatilia mabishano yake kama wengine wanavyofuatilia taarifa ya habari. Nikapunguza. Akacheka kwa jambo ambalo mimi sikulisikia, akashika ukingo wa meza, akakaa sakafuni taratibu, kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka. Saa nane mchana muuguzi alinikabidhi miwani yake ndani ya bahasha. Tangu siku hiyo, miezi kumi na mmoja sasa, naingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, nalala chumba cha uani, na sebule imefungwa. Ikifika alasiri natoka, nazunguka nyumba kama mgeni, naenda kukaa kwenye benchi lile lile na wenzangu.

Wenzangu ni watatu. Randa ni seremala. Karakana yake ameshamwachia mkwewe, lakini penseli bado anaiweka sikioni. Wakili hajasomea sheria. Alikuwa mbeba majalada mahakamani kwa miaka thelathini, na anaamini sheria zilimwingia kupitia mikono. Wa tatu ni Mama Birika, mwuza kahawa, ambaye hupanga nani anyamaze na nani aendelee, kwa sababu kahawa ni yake. Mimi wananiita Nukta. Nilifanya kazi ofisi ya ramani maisha yangu yote, na siwezi kuacha kipimo kibaya kipite bila kukisahihisha.

Jumanne ya wiki ile Mama Birika alikuta barua imechomekwa kwenye upenyo wa mlango wa mbele, akanipa. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino, mistari imenyooka. Kosa langu lilikuwa kuisoma kwa sauti.

“Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni fundi umeme. Miaka miwili iliyopita nilikuja kubadilisha mita ya jirani yako, na mama wa nyumba hii akaniita ndani nikanywe maji. Nimesikia ametangulia. Pole sana. Mwezi ujao naolewa. Sitaki ukumbi. Naomba sebule yenu kwa alasiri moja, watu sitini, kama ilivyo, bila kubadilishwa chochote. Kadi nitaziandika kwa mkono na siwezi kuanza bila kujua mahali. Nitapita Jumamosi saa kumi kusikia jibu. Ukikataa nitashukuru vilevile.”

Hadi Jumamosi sikuwa na jibu. Kukubali kulimaanisha kufungua sebule, na kukataa kulimaanisha nikae nimeifunga, kwa kauli yangu mwenyewe safari hii. Saa tisa na nusu nilizunguka nyumba kama kawaida, na kabla sijafika kwenye kona nikasikia harufu ya rangi.

Mlango wetu wa mbele ni wa mbao ngumu, wa pande mbili, una umri wa miaka tisini na sita. Babu wa mke wangu ndiye aliyejenga nyumba. Upande wa kushoto wa mlango ulikuwa kama ninavyoujua, rangi ya majivu, umelika mahali ambapo mikono ya watu imepita. Upande wa kulia ulikuwa unang’aa kama kiatu cha askari wa gwaride.

— Nani amefanya hivi? nikauliza.

— Karibu, bwana Nukta, akasema Randa kutoka kwenye benchi, brashi mkononi. Usinishukuru bado. Ngoja nipige mkono wa pili.

— Sikukuomba.

— Ungeomba lini? Umeikalia barua siku nne kama kuku na yai. Mgeni anafika saa kumi. Nimeona aibu kwa niaba yako.

— Mimi nilimkataza, akasema Mama Birika.

— Ulinikataza nisidondoshee rangi birika lako. Hayo ndiyo uliyonikataza.

— Yule binti ameandika, kama ilivyo, nikasema. Bila kubadilishwa chochote. Nimewasomea mara mbili.

— Hiyo ni adabu tu, akasema Randa. Mtu akikuta chakula chako kimeungua, atasema yeye hupenda kilichokaukakauka. Sasa na wewe utakiunguza kila siku?

— Si adabu, akasema Wakili. Ni mtego.

Mama Birika akammiminia kikombe. Kwake hiyo ni ishara ya kumruhusu mtu aendelee.

— Sikilizeni, akasema Wakili. Ndoa ikifungwa ndani ya nyumba, mwenye nyumba akawepo, akashuhudia, akala keki, nyumba ile inaingia ndani ya ndoa. Wakiachana wanagawana. Nusu ya sebule ya Nukta inakwenda na mume.

— Kifungu gani hicho? nikauliza.

— Kifungu kipo.

— Namba ngapi?

— Namba sikuiona. Ila nilikibeba mwenyewe, kilikuwa kwenye jalada zito sana.

— Basi Nukta asile keki, akasema Mama Birika. Kesi imekwisha.

— Unacheka? Wahenga walisema...

— Waache wahenga wapumzike. Kila siku unawasingizia.

Nilikaa pembeni mwa benchi. Sikutaka kuutazama mlango, na ukikaa pale mlango uko mgongoni.

— Ninyi hamjui mambo ya siku hizi, akasema Mama Birika. Binti wa dada yangu alialikwa kwenye harusi ya namna hiyo. Bibi harusi alivaa gauni la bibi yake, limepunguzwa kiunoni. Maua yamewekwa kwenye vyupa vya jamu. Vikombe kila kimoja na aina yake, vingine vina pengo. Meza ni mbao tupu, hata kitambaa hakuna. Watu wakakalishwa kwenye magogo.

— Magogo? akauliza Randa.

— Magogo. Wazazi wa bwana harusi walisimama mpaka mwisho, wakidhani viti viko njiani.

— Walikuwa na dhiki, maskini.

— Dhiki gani? Magogo yaliletwa kwa lori! Yamepigwa msasa!

Randa aliweka brashi juu ya kopo. Nilimwona ameumia kidogo, kwa kweli kabisa.

— Miaka arobaini na miwili natengeneza viti vifanane, akasema. Meza ikitikisika, naamka naenda kwa mtu nyumbani kwake kuirekebisha. Leo watu wanatafuta inayotikisika. Nina stoo imejaa viti visivyofanana, mbona hajaja mtu kuniuliza?

— Vyako vimekosewa, akasema Wakili. Wao wanataka vilivyokosewa makusudi.

— Tofauti yake nini?

— Kimombo.

Mama Birika akacheka hadi akashikilia birika kwa mikono miwili. Lakini Randa hakucheka. Alikuwa ameshapata wazo, na wazo likimwingia Randa hukaa wima kama mtu aliyeitwa jina.

— Nimeelewa, akasema. Ni dari.

— Dari imefanyaje?

— Mbao za dari ya Nukta ni za mti ambao siku hizi hauonekani tena. Nimeziona kupitia dirisha. Hawa wanajua. Wanaalika watu sitini, wanapiga muziki, wanaruka wote kwa pamoja, dari inashuka. Kisha wanasema, pole mzee, acha tukusaidie kuondoa takataka. Wanaondoka na mbao.

— Dari inabebwa na boriti kumi na nne, nikasema. Haishuki kwa muziki.

— Aha! Umeshahesabu! Kwa hiyo na wewe umeogopa!

— Nilizihesabu mwaka niliooa.

— Mimi naona mnapoteza muda, akasema Wakili. Jiulizeni. Barua imemtaja fundi umeme. Imemtaja mama wa nyumba. Imetaja watu sitini, saa kumi, kalamu, kadi. Bwana harusi imemtaja wapi?

Ni kweli, haikumtaja.

— Eh, akasema Mama Birika.

— Hayumo. Kwa nini hayumo? Kwa sababu hatajiki. Na kwa nini hatajiki? Kwa sababu si wa wakati huu. Nukta, sebuleni kuna picha ya babu yake shemeji, sivyo? Yule mwenye masharubu?

— Ipo.

— Binti aliingia kunywa maji. Akainua macho. Akaiona.

— Babu alifariki miaka sitini iliyopita, nikasema.

— Ndiyo maana hawataki ukumbi! Babu hawezi kwenda ukumbini. Lazima afuatwe alipo.

Hapo hata mimi nilicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, lakini nilikisikia kikitoka, na niliona Mama Birika amekisikia pia, kwa sababu aligeuka haraka akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

— Kwa vyovyote, akasema Randa, akiinua brashi, mlango ukikamilika, wiki ijayo naanza ukuta. Rangi ya mafuta, mng’ao, unapanguswa kwa kitambaa na maji.

— Ukuta huo ni wa mawe na chokaa, nikasema. Hupumua. Unyevu unaingia, unatoka. Ukiupaka rangi ya mafuta umeukaba koo. Maji yanabaki ndani na baada ya misimu miwili unabambuka wote.

— Nani kakuambia?

Alijua ni nani aliyeniambia. Kila mwaka mke wangu aliloweka chokaa kwenye pipa uani, akaiacha wiki tatu, akaichuja kwa chandarua kikuukuu, akapaka mwenyewe juu ya ngazi akiwa amejifunga kitambaa kichwani. Mwaka mmoja nilimfanyia hesabu ya saa anazotumia, nikamwonyesha kwenye karatasi kwamba rangi ya dukani ingempa siku kumi na moja za kupumzika. Aliisoma yote, akaikunja vizuri. Akasema, “Mwenzangu, nyumba hii haijawahi kuniomba iwe mpya.” Kisha akapanda ngazi.

Saa kumi kasoro dakika mbili alifika. Sisi tulikuwa tunamtarajia mtu wa namna nyingine, sijui namna gani. Huyu alikuwa amevaa ovaroli na buti, amening’iniza mfuko wa vifaa begani, na mkononi alikuwa na mkanda wa kuzuia umeme umemnasa kwenye kiwiko bila yeye kujua.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukasema wote, na Randa akaongeza, Karibu, mwanangu, karibu, mlango ndio huo unaukaribia uzuri wake.

Akautazama. Alitazama upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akarudi wa kulia. Alivuta hatua mbili, akagusa mbao kwa ncha ya kidole cha shahada, akakitazama kidole. Kilikuwa cha kahawia.

— Haijakauka, akasema. Imepakwa saa ngapi?

— Saa saba na nusu, akasema Randa. Ila usijali, mkono wa pili...

— Basi tuna bahati. Nani ana mafuta ya taa?

Mama Birika alikuwa nayo, ya jiko lake. Aliitoa chupa chini ya meza yake ya kahawa kabla Randa hajaelewa kinachoombwa. Mimi nilikwenda uani kutafuta matambara, nikakosa, nikachukua shati langu la kazini na kulichana vipande vitano. Niliporudi, binti alikuwa ameshavua mfuko wa vifaa na kukunja mikono ya ovaroli.

— Mnafuata nyuzi za mbao, akatuelekeza. Msizungushe. Mkizungusha rangi inaingia kwenye vinyweleo.

— Mimi ndiye seremala hapa, akasema Randa.

— Ndiyo, baba. Wewe shika juu, penye nakshi. Sisi hatutaweza.

Randa akaangalia kitambaa, akaangalia kazi yake ya tangu saa saba na nusu. Akalowesha kitambaa.

Wakili alipewa sehemu ya chini, kwa sababu ni mfupi. Alifuta kidogo, akakohoa.

— Binti, samahani. Kuna jambo la kisheria. Bwana harusi, je, yuko hai?

— Alikuwa hai saa sita mchana. Anauza miche ya miti karibu na daraja. Kwa nini?

— Hapana, hapana. Tunaondoa uwezekano mmoja mmoja.

Mama Birika alikuwa ameficha uso kwenye kitambaa chenye mafuta ya taa.

— Na wewe, mwanangu, akasema alipotulia, una nini na nyumba kuukuu? Kumbi zimejaa mjini. Zina viyoyozi, zina taa za rangi.

— Taa hizo nazifunga mimi, mama. Kila siku nafunga nyaya kwenye nyumba mpya. Zinajengwa ishirini kwa mpigo. Nikiingia ya kumi na tano sijui kama nimeshaifanya au bado, inabidi niangalie soketi. Akageuza kitambaa upande safi, akaendelea: Siku ile nilikuwa juu ya ngazi pale kwa jirani, jua kali. Mama akafungua dirisha akaniita. Nilitaka kunywea mlangoni, akasema hapana, ingia, vua viatu. Nikadhani anaogopea usafi. Akasema, si kwa uchafu, nataka usikie sakafu.

— Ukasikia nini? akauliza Randa.

— Baridi. Inapanda mpaka magotini. Na vigae vile vya maua, ukisimama dirishani vinaonekana vya buluu, ukisimama mlangoni vya kijani. Nilizunguka chumba kama mtoto. Mama akanitazama tu. Kisha akasema, sebule hii inatupwaya, mwanangu, sisi ni wawili tu. Yenyewe inapenda watu wengi.

Niliendelea kufuta. Nilikuwa nimefikia bawaba ya katikati, na bawaba ina pembe nyingi, inataka uangalifu. Miaka thelathini na mmoja tuliishi ndani ya nyumba ile, bila mtoto, na hakuwahi kuniambia kwamba inatupwaya. Lakini sikuwa na shaka hata kidogo. Hakuna mtu mwingine ambaye angeizungumzia nyumba kama gauni.

Rangi ilikuwa inatoka, si yote. Majivu ya mbao yalianza kuonekana, kwanza kama mistari, kisha kama mlango.

Randa aliongea akiwa ameelekea kwenye nakshi, kwa sauti ambayo si ya benchini.

— Unajua nimejaribu kuupaka mlango huu mara ngapi, Nukta?

— Mara tatu.

— Nne. Moja hukuwepo. Kila nikifungua kopo, dirisha linafunguka. “Shemeji, funika hilo kopo.” Hata hatoki nje. Harufu tu ikimfikia. “Shemeji, funika.” Nami nafunika, nanung’unika wiki nzima.

— Tunakumbuka, akasema Mama Birika. Kunung’unika tunakukumbuka sana.

— Leo nikafungua kopo. Nikakoroga. Nikakaa kidogo. Nikachovya brashi, nikaishika hewani, hivi. Nikasubiri.

Aliishika ile brashi isiyokuwepo, kitambaa kikidondosha mafuta ya taa kwenye kiatu chake.

— Nilikuwa nasubiri anikataze. Ninyi mnaona mimi mjinga, na sikatai. Nilisubiri mpaka mkono ukachoka. Kimya. Basi nikapaka.

Wakili, ambaye huwa na la kusema hata msibani, aliinamia kazi yake. Mama Birika alikwenda mezani akamimina kahawa, akaileta, akampa Randa. Hakuwa ameomba. Aliinywa yote akiwa amesimama, uso umeelekea mlangoni.

— Mimi pia husubiri, nikasema.

Ndilo lililotoka. Randa akaitikia kwa kichwa, akaendelea na nakshi, nami nikaendelea na bawaba.

Ilipofika saa kumi na moja na robo binti alirudi nyuma hatua tatu kuutazama mlango. Kulibaki kivuli cha kahawia kwenye mashimo ya nakshi na kwenye kona za chini. Akasema kitaondoka kwa mswaki, polepole. Akafuta mikono kwenye ovaroli, akanigeukia.

— Mzee, sikuulizi jibu bado. Mimi niliiona sebule miaka miwili iliyopita. Nataka kujua tu, sasa hivi ikoje?

Randa alimtazama Mama Birika, Mama Birika akanitazama mimi, na ikanijia kwamba watu hawa, wenye nadharia juu ya dari yangu na picha yangu na ndoa ya marehemu babu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuikanyaga ile sakafu. Miaka yote hiyo wamekaa upande wa pili wa ukuta.

Lakini mimi nilikuwa najua. Urefu ni meta nane na sentimita ishirini. Upana ni meta tano na kumi. Kutoka sakafuni hadi dari ni meta tatu na tisini. Nilikuwa tayari kuzitaja tarakimu, na zilikuwa sahihi, na hazikuwa jibu la alichouliza.

— Sijui, nikasema.

Hawakuwahi kunisikia nikilisema neno hilo. Randa alitoa penseli sikioni akaitazama, kana kwamba kosa liko kwenye penseli.

— Kahawa imekwisha, akasema Mama Birika.

Alilinyanyua birika aliondoe mezani, nami nikasikia kahawa ikichapa ndani yake, zaidi ya nusu. Tukaanza kukusanya vitambaa.

Binti alivaa mfuko wake wa vifaa.

— Kesho niko kazini mpaka saa sita, akaniambia. Yale maghorofa mapya nyuma ya soko, jengo la pili. Kadi nitaanza kuandika mchana. Usipokuja nitajua, na hakuna neno kabisa, mzee wangu. Nyote, asanteni kwa mlango.

— Sisi ndio tuliouharibu, akasema Wakili.

— Ndiyo. Asanteni kwa kuutengeneza.

Kesho yake asubuhi niliamka saa kumi na mbili na nusu, nikanyoa ndevu, nikachukua ufunguo wa mlango wa ndani, ule wa kutoka koridoni kwenda sebuleni. Ulizunguka bila shida. Nilikaa humo saa moja na dakika arobaini. Kwanza nilisimama tu. Kisha nikafungua dirisha, na mwanga ulipoingia nikaanza kuzunguka nikiwa na karatasi na kalamu, kama nilivyozunguka viwanja vya watu maisha yangu yote, na nikaandika ninachokiona, si ninachokikumbuka. Nilipofika mezani niliacha kuandika kwa muda. Halafu nikaendelea.

Saa tatu nilikuwa ndani ya jengo la pili, ghorofa ya kwanza. Milango kumi na sita, yote myeupe, na kila mmoja ulinifanya nidhani nimeshaupita. Nilimkuta katika chumba cha kumi na mbili, juu ya ngazi, kichwa kimeingia kwenye tundu la dari. Nikamwita. Akashuka haraka, akakaa kwenye kidaraja cha mwisho.

Nikavaa miwani, nikamsomea.

— Vumbi kila mahali, unene wa karatasi mbili. Dirisha la kushoto limevimba, halifunguki. La kulia linafunguka. Kona ya nyuma chokaa imebambuka, eneo la kiasi cha mlango wa kabati. Nyigu walijenga juu ya pazia na wameshahama. Picha ya babu imepinda upande, nimeinyoosha. Boriti zote nzima. Sakafu nzima, haina ufa hata mmoja. Mezani kulikuwa na kikombe.

— Kikombe?

— Nimekiosha.

Akaniangalia. Chini yetu mtu alikuwa anakata bomba kwa msumeno, akaacha, akaanza tena.

— Na jibu, mzee?

Nikageuza karatasi. Upande wa pili nilikuwa nimechora chumba, kwa kipimo cha moja kwa hamsini, na viti vimeonyeshwa kwa vidoti, safu kwa safu, njia ya kupita imeachwa katikati.

— Watu sitini hawaenei, nikasema. Hamsini na wanne wanaenea wakiwa wamekaa, kama meza kubwa itatolewa uani. Punguza sita. Chokaa nitaloweka leo, itakuwa tayari kwa ile kona. Lete ngazi yako, yangu haifiki.

Aliichukua karatasi kwa mikono miwili, akaifuata safu ya mbele kwa kidole, kidoti kwa kidoti. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

— Na wale wa kwenye benchi? akauliza. Nao wamo humu?

— Hao ndio nilioanza nao, nikasema. Safu ya pili, karibu na dirisha.